Orli Haigizi

Mwezi wa nane ukiingia, watoto wa Kambi ya Agam huugua ugonjwa ambao muuguzi wetu hana dawa yake. Mpishi akidondosha sufuria, wanapanda juu ya mabenchi. Mkurugenzi akivaa shati la bluu, wanapiga mayowe. Ndege ndogo ikipita chini chini juu ya ziwa, nusu ya kambi inaacha kuogelea na kukimbilia uwanjani huku maji yakiwachuruzika, eti Vita vimelipuka.

Vita vya Rangi, ndivyo ninavyosema. Kambi nzima inagawanywa, bluu huku na njano kule, na kwa siku tatu watu wanashindana kuogelea, kuimba, kuvuta kamba na kuoka mkate wa Sabato mpaka sauti zinakauka. Lakini utamu wenyewe si mashindano. Utamu ni ule mlipuko wa kwanza. Hakuna mtoto anayejua siku wala saa wala namna utakavyokuja. Wakubwa wanaojua ni wachache, nao hula kiapo. Na ili kuwavuruga watoto zaidi, walezi huwapiga geresha: wanazusha kioja fulani, watoto wanakimbilia huko kama wendawazimu, wanafika na kukuta kibao kimeandikwa BADO. Wananuna kidogo, kisha wanaanza kubashiri upya.

Mimi ni Tirtza Faynzilber, Shangazi Tirtza kwa kila mtu aliye chini ya miaka arobaini. Kazi yangu kambini ni mioyo ya watu. Mtoto anayelilia kwao, mtoto aliyetengwa na wenzake, mlezi aliyeachwa na mpenzi wake akashindwa hata kuongoza wimbo wa asubuhi, wote huishia kwenye kochi langu la kijani nyuma ya zahanati. Watu hudhani anayefanya kazi hii lazima awe mpole muda wote. Mimi watoto nawabembeleza. Wakubwa nawafokea.

Orli Zaltzman alikuja kwetu mwaka huu kwa mara ya kwanza, msichana wa miaka kumi na mmoja, miguu mirefu, meno yamefungwa waya. Majira ya baridi yaliyopita mtu asiyejulikana alipiga simu shuleni kwao, shule ya watoto wa Kiyahudi, akasema kuna bomu. Bomu halikuwapo. Lakini ving'ora vililia, watoto wakatolewa mbio kwenye theluji bila makoti, na Orli wakati huo alikuwa msalani. Alibaki peke yake ndani ya jengo lile mpaka mwalimu alipogundua kwamba hayupo. Tangu hapo kelele ya ghafla ikimkuta pumzi inambana, mikono inakufa ganzi, na anaamini kabisa kwamba anakufa.

Kambini hofu ilikuwa imemvamia mara mbili. Mara ya kwanza ni radi. Mara ya pili ni geresha, walezi walipogonga masufuria nje ya banda lao alfajiri. Baada ya hiyo mama yake, Renana, aliongea nami kwenye simu.

"Bi Tirtza, mimi nakuheshimu sana. Lakini ikitokea tena nakuja kumchukua mwanangu, hata kama ni saa ngapi. Utanipigia? Niahidi."

Nikamwahidi. Ningekuwa mama yake ningesema hayo hayo.

Orli alijua. Na hakutaka kuondoka, jamani, hakutaka hata kidogo. Alikuwa amempata Hefziba, anayelala kitanda cha juu yake, mtoto mwenye mdomo usiofungwa hata akiwa usingizini. Alikuwa amejifunza kupiga kasia. Alikuwa mtoto ambaye mchana kutwa anacheka, kisha usiku anauliza kama kesho atakuwepo. Kitu kimoja tu alikitaka kuliko vyote: Vita vikilipuka, awe pale katikati na wenzake wa Banda la Saba.

Basi mfungo wa mwezi wa Av, wa kuomboleza Hekalu lililobomolewa, ukapita. Siku tisa kabla yake hatuli nyama, hatupigi muziki, hatufanyi sherehe, na kila mtoto anajua kwamba siku hizo Vita haviwezi kuja. Zikiisha, kila sekunde inatiliwa shaka. Siku mbili baada ya mfungo Yiftach akaja chumbani kwangu, akafunga mlango, akashusha pazia. Yiftach Korngold ndiye aliyekuwa mkuu wa Vita mwaka huu, kijana wa miaka ishirini na moja ambaye hajawahi kuongea bila kurusha mikono.

"Shangazi, kaa chini."

"Nimeshakaa. Huoni?"

"Gari la zimamoto," akanong'ona. "Jumatatu, chakula cha mchana. Kengele ya moto inalia, watoto wote nje, gari linaingia na king'ora, mzee Lindqvist, mkuu wa zimamoto mjini, anafungua bomba, maji ya bluu! Halafu ya njano! Ni rangi ya chakula tu, inatoka. Shangazi, watu watasimulia mpaka tufe!"

Nilimtazama mpaka mikono yake ikashuka yenyewe.

"We Yiftach, una akili timamu? King'ora? Na Orli je?"

"Shangazi, kuna watoto mia tatu humu."

"Na mmoja wao ni Orli."

Tukaenda kwa Gershon, mkurugenzi wetu, mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa machozi. Nikasema ama mbadilishe mpango ama nimwambie mtoto. Gershon akashika kichwa.

"Tirtza, mama yangu, hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa. Tangu kambi hii ijengwe! Baba yangu hakuniambia hata mimi, na yeye ndiye alikuwa mkurugenzi. Nililala naye nyumba moja!"

"Basi nitamtoa hapa. Jumatatu mchana nampeleka mjini kula aiskrimu. Mkimaliza kelele zenu tunarudi."

Wote wawili wakapumua. Nami nilijiona nimetumia busara kubwa.

Nikamkuta Orli amekaa kwenye gati, miguu majini. Nikamwambia kwa furaha ya kujitengenezea kwamba Jumatatu, mimi na yeye, tunakwenda kula aiskrimu.

Hakunigeukia. Alipiga maji kwa kidole cha mguu.

"Ni Jumatatu, eh?" akasema.

"Nini Jumatatu?"

"Shangazi, usinifanye mjinga. Mbona hukuniita aiskrimu wiki iliyopita? Vita ni Jumatatu, na kuna kitu cha kelele, na unataka kunitoa." Ndipo akanigeukia, na hasira aliyokuwa nayo sikuwahi kuiona kwake. "Nimekuja kambi hii kwa ajili ya hicho tu! Unataka kunichukulia hicho hicho! Si bora mama aje anichukue leo?"

Kuna siku mtu mzima anapaswa kunyamaza na kumeza. Nilimeza. Nilikuwa nimepanga kumwacha peke yake ndani ya jengo kwa mara ya pili, tofauti ni kwamba safari hii ningempa na aiskrimu.

"Unataka nikuambie?" nikamuuliza.

"Nikiambiwa, nitakuwa mtoto aliyeambiwa. Wenzangu wote watashtuka, mimi nitakuwa nimekaa tu kama bibi."

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua." Akafikiri, akitafuna ncha ya nywele zake. "Kuna king'ora?"

Niligeuza macho ziwani, na hilo lilikuwa jibu.

"Niambie," akasema. "Niambie yote."

Nikamwambia yote, bila ruhusa ya mtu. Macho yake yalizidi kupanuka, na nilipofika kwenye maji ya bluu aliziba mdomo kwa mikono yote miwili asipige kelele. Si kwa woga. Alikuwa anacheka.

Tangu saa ile tukawa wanyang'anyi wawili. Kila alasiri, wenzake wakiwa kwenye mpira, tulijifungia kwenye banda la mitumbwi na simu yangu. Nilikuwa nimeweka humo sauti ya king'ora, na simu alishika yeye. Kidole ni chake, sauti ni yake kupandisha na kushusha. Siku ya kwanza aliiweka chini kiasi kwamba mbu walikuwa na kelele zaidi. Pumzi ikimbana, tulikuwa na mbinu yetu: unakandamiza nyayo sakafuni, kisha unaimba mstari mmoja wa sala ya baada ya kula kwa pumzi moja, mpaka mwisho, bila kukata. Sala hiyo kambini kwetu huimbwa kwa kupiga meza kwa ngumi, hakuna mtoto asiyeijua. Anayeimba hawezi kusahau kutoa pumzi, na pumzi ikitoka, nyingine inaingia yenyewe.

Kufika Jumamosi jioni, Sabato ilipotoka, simu ililia kwa sauti yote na Orli alikuwa anaimba juu yake kama mlevi, machozi yanamtoka, lakini anaimba.

Bandani nako alikuwa na mtihani wake. Banda la Saba lilikuwa linawekeana dau la peremende. Hefziba alikuwa ameweka mfuko mzima kwenye Jumatano.

"We Orli unasemaje?" alimkaba. "Mbona huweki dau? Unaogopa kuliwa?"

"Sijui mimi," alisema Orli, akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Sasa, kuna jambo jingine lazima niliseme, maana ndilo lililotugharimu. Ijumaa ile Yiftach alinibembeleza nishiriki geresha. Alisema watoto wanaamini kila mtu amechanganyikiwa isipokuwa mimi. Basi nikaingia bwaloni wakati wa kifungua kinywa nywele zimetimka, nikapiga yowe kwamba kobe mkubwa amemng'ata mtu ziwani, kila mtu aje. Nilimkonyeza Orli kwanza. Watoto mia tatu walikimbia hadi gati na kukuta kibao: BADO. Walinibeba juu juu. Sitaficha, nililifurahia jambo lile kupita kiasi.

Ikaja Jumapili. Mpishi wetu Motti alikuwa ameteseka siku tisa za samaki na jibini na siku zilizofuata za masalio yake, na siku hiyo alikuwa anawakaangia watoto vipande vya kuku vilivyoviringishwa kwenye chenga za mkate, chakula wanachokiota mwaka mzima. Kwa shauku alijaza mafuta kwenye kikaango kile kikubwa mpaka ukingoni. Yiftach hakuwapo, alikuwa mjini na mzee Lindqvist wakiandaa gari kwa ajili ya kesho yake. Gershon alikuwa ofisini kwake na simu za wazazi. Bwaloni tulikuwa watoto, walezi ambao hawakujua lolote, na mimi.

Kengele ya moto ikalia.

Bwalo zima likalipuka.

"VITAAAAA!"

Watoto walipanda juu ya meza. Walezi walipanda juu ya meza! Sahani zikaruka, mitungi ya juisi ikapinduka, ngumi zikaanza kupiga mbao, na kundi zima la upande wa kushoto likageuka na kukimbilia mlango wa jikoni, maana mwaka jana Vita vilitokea jikoni na kila mtu alikumbuka. Nami nilikuwa nimeshaona moshi mweusi ukipenya juu ya mlango ule.

"Moto!" nikapiga kelele. "Moto wa kweli! Tokeni nje, milango ya ziwani!"

Wakanishangilia. Wallahi wakanishangilia. "Shangazi Tirtza! Shangazi Tirtza!" Mlezi mmoja, mtu mwenye ndevu, akanipigia saluti.

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo, Motti akatoka nyusi zimeungua, povu la kuzimia moto limemjaa kifuani. "Tokeni! Mafuta yanawaka! Tokeni, wajinga nyie!"

Makofi. Hakuna mwigizaji aliyewahi kupigiwa makofi kama Motti siku ile. Nikajitupa mbele ya mlango, nikauziba kwa mwili wangu, na watoto walikuwa wananisukuma huku wanaimba, Hefziba akiwa wa mbele kabisa, uso umemuiva kwa furaha. Nilihisi joto mgongoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu, na nikawaza jambo moja la kutisha: hakuna neno ninaloweza kusema ambalo mimi mwenyewe sijaliharibu.

Juu ya vichwa vyao nikamwona Orli.

Alikuwa amesimama juu ya meza ya Banda la Saba. Hakupanda kucheza. Midomo ilikuwa haina rangi, vidole vimejikunja kama makucha, kama mara zile mbili. Hofu ilikuwa imemvamia sawasawa. Nikaona nyayo zake zikikandamiza ubao. Nikaona mdomo wake ukitembea, nikajua anaimba mstari wetu, polepole, mpaka mwisho. Kisha akavuta pumzi na kutoa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"KIMYA TAFADHALI!"

Kambini kwetu neno hilo lina jibu moja tu, na mtoto hulijibu hata kama amelala.

"HEI!" wakajibu mia tatu, wakanyamaza.

"Hivi si Vita," akasema Orli. Sauti ilikuwa inakatika. "Vita ni kesho. Najua kwa sababu niliambiwa. Shangazi aliniambia, kwa sababu... kwa sababu mimi naogopa kelele, nyote mnajua. Kesho ndiyo Vita. Huu ni moto. Tokeni nje."

Kengele peke yake ndiyo iliyoendelea.

Kisha mvulana mmoja wa mabanda ya wakubwa akapaza sauti kutoka nyuma: "Gereshaaa!" na wengine wakaanza kucheka.

Hefziba, aliyekuwa bado ameshika mkono wangu akiuvuta, alikuwa amegeuka. Alikuwa anamtazama Orli usoni. Alimtazama midomo, akamtazama vidole.

"Nyamazeni!" akapiga kelele, na ana mapafu mtoto yule. "Nyamaza wewe, mbwa! Mimi nalala juu yake, mimi namjua! Mwangalieni uso! Orli haigizi!"

Basi ikawa imetosha. Sijui niseme nini zaidi. Walioshindwa kuniamini mimi, walioshindwa kumwamini mtu mzima aliyeungua nyusi, waliamini uso wa Orli. Walezi waliruka chini kama waliomwagiwa maji, wakaanza kuita mabanda yao, na watoto wakatoka kwa milango ya ziwani, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Mimi na Motti tulitoka mwisho, moshi umeshafika kwenye taa.

Nje, kwenye majani, kila banda lilikuwa linahesabu watu wake. Orli alikuwa amesimama peke yake kidogo, amejikumbatia. Nikaenda kwake. Ndipo tukasikia king'ora.

Gari jekundu liliingia langoni kwa kasi, vumbi limetimka, na ubavuni, amening'inia kwa mkono mmoja, alikuwa Yiftach. Simu ya moto ilikuwa imewakuta katikati ya mazoezi. Uso wake ulikuwa nusu bluu, nusu njano.

Ngurumo iliyotoka kwa watoto wale sitaisahau.

"VITAAAAAAAA!"

Orli alinigeukia. King'ora kilikuwa kinalia hatua chache tu kutoka kwetu na yeye hakukisikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulisema kesho," akasema. "Uliniambia kesho."

"Ni kesho! Naapa ni kesho! Yiftach ni mjinga tu!"

Akamtazama Yiftach. Yiftach alikuwa ameshuka na kupiga magoti kwenye majani, machozi yanachora mifereji kwenye rangi, anauliza kila mtoto, "Wote mmetoka? Wote mmetoka?" Akawatazama Lindqvist na watu wake, wanaume kwa wanawake, wakipita mbio na bomba bila kumtazama mtu. Kisha akanitazama tena, na nikaona ameniamini.

Moto ulizimwa haraka. Kikaango, pazia na kipande cha dari, basi, na nyusi za Motti. Gershon alizunguka banda moja moja akiwagusa watoto vichwani kama anayehesabu kondoo, analia waziwazi. Alipofika kwetu akanitazama mimi.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Bila ruhusa yangu."

"Bila ruhusa yako."

Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Mvulana yule wa geresha alikuwa karibu. "Sasa si ameshaharibu," akanung'unika. "Kila mtu anajua ni kesho."

"Ameharibu nini wewe?" Hefziba akamrukia. "Ungekuwa umeshakuwa kuku wa kukaanga saa hizi! Sema asante!"

Mvulana akasema asante, akitazama chini. Orli akaangua kicheko kidogo, kilichochanganyika na kilio.

Gershon alikuwa ameshaenda kunong'ona na mzee Lindqvist, na nikamwona mzee akigonga tangi la pili la gari kwa ngumi na kutikisa kichwa kukubali. Rangi walikuwa wameshaitia humo. Gershon akarudi, akachuchumaa mbele ya Orli.

"Mwanangu, uliambiwa ni kesho, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi uliambiwa vibaya," akasema, na ndevu zikaanza kumcheza kwa tabasamu.

Orli alimtazama, akalitazama gari, akawatazama watoto mia tatu waliokuwa wamekaa kwenye majani wakisubiri kuambiwa la kufanya, wote wakiamini Vita ni kesho. Damu ikamrudi usoni.

"Nani anapiga king'ora?" akauliza.

Lakini mimi nilikuwa na ahadi. Nilitoa simu nikampigia Renana, nikamweleza: moto umetokea, wote wazima, na ndiyo, hofu ilimvamia, nimeiona kwa macho yangu.

"Nakuja," alisema papo hapo. Nikasikia funguo. "Mwambie afungashe. Nakuja sasa hivi, Bi Tirtza, usinishawishi."

"Sikushawishi. Ila ongea naye kwanza."

Orli alikuwa ameshapanda gari la zimamoto, amekaa kwenye kiti cha mbele, kofia ya Lindqvist imemzama hadi puani. Nikampa simu kupitia dirishani. Nilisikia sauti ya mama yake kutoka pale nilipokuwa, ya juu, ya haraka, inauliza hili na lile.

"Mama," akasema Orli. "Mama, nisikilize. Ilinijia. Lakini safari hii moto ulikuwepo." Akasikiliza. "Hapana. Hapana, usije. Mama, subiri kidogo tu, usikate."

Akaweka simu kwenye paja. Akanitazama, akakandamiza nyayo sakafuni mwa gari, na akabonyeza.

King'ora kililia mpaka majani ya misonobari yakatetemeka. Watoto waliruka juu kama mtu mmoja, hawakujua ni moto mwingine au ni nini, na hapo hapo maji ya bluu yakapanda angani na kuwashukia, na sauti zao zikazima hata king'ora. Kwenye simu mama mtu alikuwa anapiga mayowe.

"Orli! Orli! Nini hicho? Mwanangu, ni nini hicho?"

Orli aliinua simu kwa mkono mmoja. Ule mwingine hakuutoa kwenye kitufe.

"Ni mimi, Mama!" akapaza sauti. "Ni mimi!"